Wasunuwar si tawi la Warai

Mwandishi, hapo uliposema Wasunuwar ni tawi la Warai umeteleza kidogo. Wote ni Wakirati, yaani kundi la makabila ya mashariki mwa Nepali, sawa, lakini ni ndugu, si baba na mtoto. Wasunuwar wenyewe hujiita Wakoits, na kwao ni wilaya za Ramechhap na Okhaldhunga, kandokando ya mito Likhu na Khimti.

Kuhusu koo umepita mbio mno, na uhondo uko hapo! Wazee wao husimulia mafungu mawili, la koo 12 na la koo 10, na wa ukoo mmoja hawaoani. Hata hati yao, yaani herufi za kuandikia lugha yao, iliyobuniwa mwaka 1942, inaitwa Jenticha: jina la ukoo wa aliyeibuni.