Gauni likatwe kwa mwili ulionao leo

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia meseji saa tano usiku, "dada nataka nitoe kilo 15 kabla ya sendofu, niambie nianzie wapi". Sendofu, yaani sherehe yake ya kuagwa kabla ya harusi, ilikuwa imebaki wiki 7. Nilivyoisoma ile meseji moyo uliniuma kabisa, maana ni maneno yale yale niliyokuwa najiambia mimi mwaka 2018 na najua yalinifikisha wapi.

Mi nilimwambia fundi akate gauni pungufu ya vipimo vyangu, kiunoni apunguze inchi 3, nikamhakikishia hadi siku yenyewe ntakuwa nimeshafika pale. Fundi wangu ni mama mtu mzima, aliniuliza mara mbili "mwanangu una uhakika?" nikasema ndio mama, we kata tu. Nikaanza ile chai ya majani ya kutoa tumbo inayouzwa mtandaoni, unakunywa usiku halafu asubuhi unashinda chooni, mchana nakula tango na yai moja. Wiki ya kwanza mzani ukashuka kilo 3, nikafurahi nikapigia watu simu. Wiki ya pili nusu kilo. Wiki ya tatu haukusogea kabisa na mimi sipandi ngazi za ofisini bila kushika ukuta. Siku 10 kabla ya sendofu nikaenda kupima, zipu ikagoma chini ya mabega. Yule mama hakunisema hata neno moja, alichukua mkasi akafungua mgongo wote akaweka kamba za kukazia. Siku ya siku nimesimama natambulisha ndugu zangu, ukumbi ukaanza kuzunguka. Picha zipo mpaka leo, ukiangalia vizuri utaona vidole vyangu vimemng'ang'ania matroni kwenye kiwiko, watu wanajua nilikuwa na furaha.

Ndo maana hili suala nalisema kwa uchungu, mabinti wengi wanapita humo humo kila msimu wa harusi.

Zile kilo 3 za wiki ya kwanza zinadanganya watu sana. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja ya akiba hiyo inakaa na maji kama gramu 3, sasa ukiacha wali na ugali ghafla akiba inaisha na maji yanatoka nayo, mzani unashuka haraka ila mafuta yako yako pale pale. Siku ukirudi kula kawaida maji yanarudi. Na chai za kuharisha ndo kabisa, nyingi zina majani ya senna au kitu cha aina hiyo, yanafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa sehemu kubwa huko juu kwenye utumbo mwembamba, kwahiyo unachopoteza ni maji na madini kama potasiamu, na potasiamu ikishuka sana hata mapigo ya moyo yanavurugika. Vidonge navyo ndo naviogopa zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramine ambayo ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za asili na kwenye pakti hawaiandiki. Kwahiyo mtu akikwambia ni majani matupu muulize imesajiliwa wapi, akianza kuzunguka zunguka achana naye.

Sasa hesabu. Mwendo ambao wataalamu wa lishe wengi wanaukubali ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Mdogo wangu alikuwa na wiki 7, ila mi nilimwambia asihesabu hadi siku ya sendofu, ahesabu hadi siku ya kupima gauni mara ya mwisho, na fundi yeyote mwenye kazi nyingi atataka hiyo iwe wiki 2 kabla. Kwahiyo zinabaki wiki 5, yaani kilo 2 na nusu hadi 5 kama mambo yameenda vizuri. Kilo 15 kwa mwendo huo zinataka kati ya wiki 15 na 30, ni tangu siku wazazi wanapokea barua ya posa huko, sio kadi zikishaanza kugawiwa. Alilia kidogo nilivyomwambia. Nilimwacha alie, af tukaanza kupanga.

Cha kwanza tulienda kwa fundi pamoja tukamwambia akate kwa mwili huu wa leo na aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni. Kupunguza gauni ni kazi ya saa chache, kuongeza ndo balaa. Hili ningependa kila bibi harusi alisikie kabla hajasikia habari za jimu.

Cha pili ni vikao vya harusi na hapa nina neno. Jamani kamati zetu zinakutana kila Jumapili jioni, mara nyingi baa au kwenye bustani ya hoteli, kikao kinaitwa saa kumi kinaanza saa kumi na mbili, watu wakisubiriana wanaagiza. Chipsi kuku, mishkaki, soda, bia kwa wanaokunywa, halafu mweka hazina anasoma michango hadi saa tatu usiku na sahani ya pili inakuja. Fanya hivyo miezi 3 mfululizo. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hivi, ni vijiko vya chai kama 8 au 9, na kwenye kikao mtu anakunywa mbili bila kujua. Bwana harusi ndo anaumia zaidi maana yeye hawezi kukataa, wajomba wanamnunulia, akikataa anaonekana anajidai, halafu suti ilishapimwa tangu mwezi wa kwanza wa vikao. Mi naona kamati ingeweza kabisa kukutana nyumbani kwa mtu, pakawa na mahindi ya kuchemsha, matunda na maji, na hela ikabaki kwenye bajeti. Nimelisema kwenye kikao chetu, wengine walinuna, ila shangazi yetu ndiye aliyeniunga mkono na wiki iliyofuata kikao kilikuwa sebuleni kwake.

Chakula cha nyumbani hatukubadilisha kwa fujo. Wali upo, ugali upo, umepungua tu kwenye sahani na mboga zimeongezeka, matembele, mchicha, maharage, dagaa, samaki wa kuchoma badala ya kukaanga kila siku. Mandazi mawili ya asubuhi na chai ya vijiko vitatu vya sukari, tukafanya andazi moja na yai na kijiko kimoja. Anashiba. Mtu akishinda njaa mchana, usiku anakula kila kilichopo jikoni, mi nimepita huko.

Mazoezi nako watu wanakwenda na mzuka, siku ya kwanza masaa mawili jimu, siku ya pili hawezi kukaa kwenye kiti, siku ya tatu basi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani na siku 2 za mazoezi ya nguvu ya misuli. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5, inawezekana hata kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na kugombania daladala. Sisi tunakaa Sinza, Dar es Salaam, tunatembea kwa kasi asubuhi saa kumi na mbili hadi kile kilima cha Chuo Kikuu na kurudi, tunaenda wawili kwa sababu asubuhi bado kuna kagiza na msichana peke yake sio salama. Jumanne na Ijumaa tunachuchumaa na kusimama, tunapiga pushapu za ukutani, tunanyanyua madumu ya maji ya lita 5. Bure kabisa. Na haya ya nguvu yasiachwe, maana ukipunguza kula bila kutumia misuli mwili unakula na misuli pia.

Mzani tunapanda Jumamosi tu, asubuhi kabla ya chai. Akikaribia siku zake unapanda hata kilo nzima, ni maji, tukakubaliana wiki hiyo hatuuangalii. Tunatumia futi ya fundi, kiunoni usawa wa kitovu, inaandikwa kwenye daftari.

Ila kuna kitu sikukitegemea. Huku anahangaika kupungua, huku bibi yetu analalamika. Kwa bibi, bibi harusi anatakiwa anawiri, enzi zake aliwekwa ndani akapewa maziwa na vyakula vizuri hadi mashavu yakajaa. Na mama mkwe mtarajiwa naye kapiga simu, "mwanangu usije ukakonda watu wakasema huku kwetu hukutakiwa". Sasa mtoto wa watu amsikilize nani? Picha za mtandaoni zinamwambia kiuno kiwe kama cha nyigu, wazee wanamwambia ajaze. Nilikaa naye kibarazani nikamuuliza we mwenyewe unataka nini siku hiyo, akafikiria akasema "nataka nicheze kuanzia naingia ukumbini hadi mwisho nisichoke". Tukaliandika hilo kwenye daftari juu kabisa, tukafuta ile kilo 15.

Leo ni wiki ya nne. Kilo zimetoka 3 na kiuno kimepungua sentimita 4. Wiki ya kwanza kile kilima alikuwa anasimama mara tatu akihema, juzi Alhamisi amekipanda mfululizo huku ananielezea nyimbo za kuingilia anazozitaka, mi ndo nikamwomba apunguze mwendo. Jumamosi tuna fundi. Nimeshamwambia yule mama asikate akiba ya pembeni hata akiona gauni linapwaya.