Pweza Kashachukuliwa

Ijumaa mama mkwe kaja na boti kutoka Pemba, na mke wangu kanipa amri moja tu: "Baba Salma, usirudi bila ya pweza." Kanitia elfu ishirini mkononi, kisha akanifumba vidole mwenyewe, kimoja kimoja, zisije zikapotea njiani.

Kosa langu kofia. Mpwa wangu anafua mashuka kwenye hoteli moja huko Nungwi, na Muitaliano mmoja kasahau kofia ya ukindu, pana kama ungo. Jua la kaskazi mnalijua. Nikaivaa. Nafika Darajani, muuza madafu ananipungia mkono: "Jambo! Hakuna matata!"

Nina miaka hamsini na mbili kisiwani hapa, sijapata kuamkiwa "jambo" na mtu wa Unguja. Nikageuka nyuma kumtafuta mzungu.

"Dafu dola mbili."

"Yakhe, mie mtoto wa Kwahani!"

"Aa! Samahani ami. Basi elfu mbili."

"Jana si nimenunua elfu na mia tano?"

"Jana ulikuwa na kofia?"

Nikaivua, nikaikunja kwapani, nikaingia sokoni kichwa wazi kama mwananchi. Pweza yupo, kalala juu ya meza, mnene, ngozi inang'aa. Mchuuzi yuko kwenye simu: "Ndiyo bosi, kilo tatu na nusu, hana jeraha hata moja." Mie mwenyewe sijawahi kusifiwa hivyo, hata siku ya posa. Alipokata simu nikauliza bei.

"Huyu kashachukuliwa, ami."

"Na wale wa ndani ya ndoo?"

"Hao wa hoteli za Paje."

"Na kile kidogo pale?"

"Hicho cha Kiwengwa. Kinasubiri gari."

Kinasubiri gari! Mie nimekuja na daladala, nimesimama njia nzima, shingo nimeikunja chini ya paa na goti la mtu liko mbavuni. Pweza anakwenda Kiwengwa amelala, tena kwenye barafu.

"Basi nikatie mnyiri mmoja tu. Si anayo minane?"

"Hotelini wanahesabu, ami."

Na huyo pweza namjua tangu hana cheo! Nimelelewa kwa bibi, Jambiani, mie. Maji yakitoka, bibi anashuka mwambani na fimbo yake, anarudi na watatu, wanne, sisi watoto tunanuna mlangoni: pweza tena? Tukimkataa, anaanikwa kambani karibu na nguo za shule. Lau ningejua, ningekula mpaka na ile kamba.

Nikahamia kwenye tungule, nyanya mnaziita wengine. Hapo nina kesi ya zamani. Mwezi wa nane niliuliza mbona zimepanda, nikaambiwa, "Msimu ami, wageni wamejaa, hoteli zinazoa zote." Nikasubiri kwa adabu. Mwezi wa nne, masika yamepiga, nusu ya hoteli zimefunga milango, tungule bei ileile. "Wageni hakuna ami, biashara imelala, itabidi tufidie." Kwa hiyo wageni wakija nalipa kwa sababu wamekuja, wakiondoka nalipa kwa sababu wameondoka. Nimebakia kuwaombea wafike katikati ya bahari wasimame hapohapo.

Mwenye nyumba wangu naye simsemi sana. Wiki iliyopita kaja na futi ya kupimia, kaingia chumbani kwangu, kapima ukuta hadi ukuta, akasema peke yake, "Kitanda cha semadari cha wageni kinaenea." Chai hakunywa.

Halafu mgeni akiingia Zanzibar, tangu Oktoba 2024, analipa bima ya dola 44, na hata begi likimpotea bima ipo. Mie nimepotelewa na kitoweo mchana kweupe, niende dirisha gani?

Nikarudi na dagaa. Mke wangu kautazama mfuko, kanitazama mie, akaitazama na kofia. Kabla hajafungua mdomo mama mkwe akacheka, akavuta pakacha lake. "Musigombane wanangu." Akatoa pweza mkavu kutoka kwao Wete, mzima, minyiri yote minane. Nilitaka kumbusu mkono.

Kwa furaha nikamhadithia yote: simu, barafu, gari la Kiwengwa. Akasikiliza kimya. Kisha akauliza, "Wamnunua kwa kilo?"

"Kwa kilo, mama."

Akamkunja pweza taratibu, akamrudisha pakachani.

"Dagaa nao wazuri, mwanangu."