Punda wangu anaitwa Ndege, na gati zima linanijua

Punda wengi wa hapa Lamu hawana majina, ni punda wa fulani tu, punda wa yule wa mchanga, punda mwenye sikio lililokatika, basi. Wangu naye angeishi hivyo hivyo kwa raha zake kama mpwa wangu hangetaka kumpanda kwenye mashindano ya punda ya Maulidi, akashikilia kuwa punda wa mbio lazima awe na jina, watu watashangilia nini sasa, "punda wa mjomba"?

Jina likawa kikao cha nyumba nzima. Ami yangu akasema aitwe Abjar, ati ndiye farasi wa Antar bin Shaddad, yule shujaa mshairi wa Waarabu. Nikamwambia Ami, huyu kazi yake kubeba simiti na kuku anamwogopa, akanitazama tu. Binamu yangu aliwahi kuwa saisi wa farasi wa mbio kule Ngong, Nairobi, na tangu arudi hakuna asilolijua. Akatupa darasa: jina la farasi wa mbio lisizidi herufi 18 pamoja na nafasi, na kuna mmoja wa Uingereza aliitwa Eclipse kwa sababu alizaliwa siku jua limepatwa, mwaka 1764, na hakuwahi kushindwa. Halafu kuna wa Marekani ambaye kila jina wakipeleka linakataliwa mpaka wakaishia Secretariat, yaani jina la ofisi jamani, na mwaka 1973 ofisi hiyo ikashinda mbio za Belmont ikiwaacha wenzake urefu wa farasi 31. Bibi alikuwa anachambua mchele, akauliza, "Huyu wenu kazaliwa siku gani?" Kimya. Nilimnunua mkubwa.

Bibi mwenyewe alikuwa na sharti moja, asipewe jina la mtu. "Mtaa huu ukiita Subira wanatoka wanne. Na siku ukimtukana je?" Hapo hata Ami alikubali.

Mpwa ndiye aliyeleta Ndege. Sababu anayo, maana huyu punda kila ndege ikipita juu kwenda kutua Manda anasimamisha masikio na kufyatuka mbio hata akiwa na mawe mgongoni. Jina fupi, laitika vizuri, na si la mtu. Akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, pande zote mbili, NDEGE, E ya mwisho imegeukia ukutani. Mimi nikaona safi, na mpaka leo naona safi.

Sasa siku yenyewe nimepata kazi ya kutoa mizigo ya wageni wa harusi Mkomani kuipeleka gatini, wanarudi Nairobi mchana. Nina kijana ananisaidia, ametoka bara, mchapakazi kweli ila kwake yeye kila chenye uhai ni "i" tu, mbuzi imelala, mwalimu imekuja, punda imechoka. Tumefika ufukoni, fundi mmoja akiteremsha mabati kutoka kwenye mashua yakamponyoka, paaa! Ndege akachomoka na masanduku ya watu kuelekea Langoni, na kijana wangu nyuma yake anapiga ukelele kwa pumzi zake zote, "Ndege imeenda! Ndege imeenda na mizigo ya watu!"

Na pale gatini wamekaa abiria wanaosubiri kuvuka, maana uwanja wa ndege uko Manda, lazima upande boti. Wallahi sijaona watu wazima wakiruka vile. Mama mmoja wa buibui alikuwa na hamri mkononi, akaitia mdomoni nzima nzima, kikombe akamrudishia mwenye chai kikiwa kimejaa, akanyakua boksi lake la samaki na barafu akaingia botini kabla kamba haijafunguliwa. Mzee wa kanzu akampigia mwanawe, "Usije kunipokea, ndege imeniacha na imekwenda na sanduku langu," na sanduku kalikalia! Jamaa mwenye tai anafoka ati ataishtaki kampuni, ndege ya saa saba inaondokaje saa tatu. Nahodha anauliza ndege gani hiyo, hakuna anayemjibu, anaambiwa washa mashine. Boti ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa.

Hayo nilihadithiwa baadaye, mimi niko mbio na punda wangu. Nikamkuta fundi viatu barazani, nikamuuliza, "Umemwona Ndege?" Akainua uso, akayaangalia mawingu upande huu, akageuka upande wa pili taratibu, akasema, "Leo bado." Mbele kidogo muuza kahawa, "Ndege kapita hapa?" Akanisogezea kiti. "Kaa mwanangu, jua kali."

Tulimpata nyuma ya duka huko Langoni, ametulia anatafuna katoni, sanduku moja limefunguka na leso mpya imemning'inia shingoni, kapendeza kuliko siku zote. Tuliporudi, shangazi wa bwana harusi akazihesabu leso zake moja moja kabla hajaitikia salamu yangu.

Huko Manda nako walikuta uwanja mtupu, hakuna hata vumbi la ndege. Wengine wakabaki kwenye benchi, wengine wakarudi kumtafuta mwenye Ndege, na wa kwanza kushuka ni yule wa tai, anadai nauli ya kwenda na kurudi. Nikamwonyesha shogi, jina limeandikwa wazi. Akasoma. Akamtazama punda. Akasoma tena. "Si ungeandika pia kwamba ni punda!"

Jioni Ami akaja na Abjar wake upya, binamu naye hajachoka na Eclipse, nikawa nimekaribia kukubali chochote ili nilale. Ndipo manahodha wakapiga hodi, wamekuja watatu na halua. Mkubwa wao akasema jina lisiguswe kabisa, boti hazijawahi kujaa mapema vile. Akanywa kahawa yake yote, akavaa viatu, akarudi mlangoni. "Ila Ijumaa mtupitishie tena. Saa tatu hivi, na yule kijana wa bara awepo."