Kunguru na Buibui la Shangazi

Kunguru hafugiki, walisema wahenga. Hawakusema kitu kuhusu mtu kufungiwa na kunguru, na hapo ndipo nilipoponzeka.

Kazi yetu ya kutega kunguru ni ya msimu. Kila mwaka kusi likikaribia kwisha, kunguru hawajaanza kuokota vijiti na vipande vya waya vya kujengea viota, tunaweka mtego karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Pale pana matope, madimbwi na mchanga, na ndege wa pwani wamejaa: yangeyange, sululu, membe, vitwitwi. Kitwitwi hana hata kiota cha kujivunia. Anachimba kijishimo juu ya mchanga mtupu, anataga mayai yenye rangi ya mchanga huohuo, yaliyobaki anamwachia Mola. Kunguru akitua pale ni kama mtu aliyetengewa sinia.

Ninayemsema ni yule mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka. Taka zikabaki, yeye akazaana. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na huku kwetu hakungoja mwaliko. Yule mkubwa mwenye kifua cheupe ni mwenyeji. Huyo akinaswa anaachiwa papo hapo na kuombwa radhi. Sumu ipo pia, lakini hiyo ina wenyewe, wenye kibali na mafunzo. Mimi ni mtu wa mbao na wavu.

Mtego ni chumba kizima: urefu mita 3, upana mita 2, kimo mita 2. Mbao za mbili kwa mbili, wavu wa kuku wa tundu la inchi moja pande zote. Paa halikulala bapa. Linazama katikati kama herufi V, na chini kabisa ya mzamo ule inalazwa ngazi, kidato na kidato vikiachana sentimita 15. Siri yote iko hapo. Kunguru akiona chakula chini, hufunga mbawa akajiangusha baina ya vidato kama sarafu kwenye kibubu. Akitaka kutoka lazima apige mbawa, na mbawa zikishakunjuka hazipiti tena.

Sharti vijiti vya kutulia viwekwe kwenye ncha mbili za chumba, visiwe chini ya ngazi hata kidogo. Mwaka wa kwanza fundi wetu alichomeka fito nzuri ya mkoko katikati, "wapumzike." Wakapumzika. Kisha wakaruka kutoka fito hadi ngazi, wakatoka mmojammoja kama abiria wa matatu, tena wameshiba.

Chambo hakina taabu: utumbo wa samaki, makombo ya mkate, yai lililovunjwa. Ila utumbo usilale. Ukilala, usiku anakuja mbwa koko kuchimba chini ya wavu, na asubuhi unakuta tundu na aibu. Chambo kinachoshinda vyote lakini ni kunguru mwenyewe. Mtego mtupu, hata ukiujaza biriani, watakaa juu ya mivinje siku nne wakiusengenya. Kwa hiyo tunabakiza watano ndani kila siku, wenye beseni la maji, kivuli cha makuti na chakula chao. Hawa hawadhulumiwi. Kunguru akidhikika hupiga ukelele, na ukelele ule unawafukuza wenzake badala ya kuwaita.

Kosa langu mimi lilikuwa la saa. Mtego hutolewa kunguru baada ya magharibi, wale wa nje wakiwa wameshakwenda kulala kwenye miti yao ya pamoja huko mjini. Siku ile nilikuwa na harusi jioni. Nikaona, aah, nitoe saa tisa alasiri, nioge, niende zangu pilau. Juu ya mivinje walijipanga kama washtakiwa na mashahidi wao, wakinitazama nikiwashika ndugu zao mmoja baada ya mmoja.

Kule Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle waliwahi kuvaa kinyago wakakamata kunguru wa huko. Miaka ikapita, na kinyago kilekile kikitokea barabarani kilizomewa, hata na kunguru ambao siku ya kukamatwa walikuwa hawajaanguliwa. Mimi sikuvaa kinyago. Nilikwenda na sura aliyonipa Mungu.

Kesho yake nafungua mlango: kraa! Naenda sokoni: kraa! Nikikaa barazani wananijia kwa nyuma, wananigonga utosi na kupanda juu kabla sijageuka. Siku ya tatu muuza kahawa akaniinamia kwa adabu: "Bwana, kahawa yako nitakuletea nyumbani. Sikutozi kitu." Na mtegoni ndiko kubaya zaidi. Nikitokea tu na ndoo ya utumbo, mmoja anapiga mlio, na siku nzima hashuki hata kinda. Tulikuwa tukipata 20 kwa siku, tukapata 0.

"Sura ndiyo inayokuchongea," mwenzangu akasema. "Ifiche."

Nikaenda kwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Naomba buibui lako moja."

Akaacha kuchambua mchele. "Marahaba. La nini, mwanangu?"

"La kazi."

"Kazi gani hiyo inayotaka buibui na ndevu?"

Nilipomweleza alicheka mpaka mchele ukamwagika. Akanitolea la zamani, lenye mapambo mekundu mikononi, pamoja na ninja yake ya kufunika uso. "Ukilichana, utanilipa jipya, tena la Mombasa."

Wallahi lilifanya kazi. Asubuhi naweka chambo na maji nikiwa ndani ya buibui, wanatazama, wanashuka. Siku ya nne jioni walikuwa 23.

Sasa sikiliza habari ya mlango. Mlango wa mtego huu ni mdogo, wa kuinama, kwa sababu kunguru akitishwa huruka juu. Mlango mrefu ni wa kuwaaga. Komeo liko nje. Kanuni ni moja: mmoja anaingia, mwingine anabaki kwenye komeo. Mwenzangu alikuwa amekwenda kuswali, giza linaingia, nikajiona hodari. Nilikuwa na glovu za ngozi, wavu wa mkono, gunia la kitambaa (la nailoni linawachemsha), na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu wasibabaike. Kunguru unambana mbawa mwilini kwa viganja viwili, mdomo ukielekea mbali nawe. Ukimshika miguu tu, atajipinda akuchape.

Nilikuwa nimemshika wa pili pale kusi lilipovuma. Mlango ukajipiga, komeo likaanguka mahali pake: taf! Fundi yuleyule wa fito alikuwa amejisifu kwamba komeo lake linajifunga lenyewe.

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa suruali, na suruali ilikuwa chini ya buibui. Nikainama, nikapandisha pindo. Kunguru mmoja akaona mlango umefunguka, akaingia. Sitaeleza alikopita. Niseme tu kwamba ninja iligeuka ikaniziba macho, wavu ukaangukia huko, tochi ikaanguka huku ikimulika nyekundu kwa chini, nami nikawa napiga mikono na kuruka mguu mmoja.

Wavuvi wawili walikuwa wakipita na jarife lao. Walichokiona ni kizimba porini, mwanamke mrefu mweusi akicheza ngoma katikati ya ndege weusi, miguuni moto mwekundu, na sauti nzito ya kiume ikisema, "Nifungulieni, jamani!" Jarife waliliacha palepale, na samaki wake. Nikasikia Ayatul Kursi ikisomwa kwa kasi ya pikipiki, ikizidi kuwa mbali.

Saa mbili na nusu wakarudi na nusu ya kijiji. Mbele alikuwa mwalimu wa madrasa, na bakuli la maji ya kombe, ya kufukuzia mashetani. Nikarushiwa kombe usoni kabla ya kuulizwa jina. Nilipolitaja, na kutaja la Shangazi, na bei ya mchele dukani kwetu kwa kuthibitisha, ndipo mtu mmoja mwenye huruma akafungua mlango. Akaufungua wote. Akasimama kando na tochi, tena nyeupe, akawamulikia njia.

Wakatoka wote 23 pamoja nami, hata wale watano wa nyumbani. Gunia nalo nilikuwa sijalifunga. Msimu ukaanza upya, mtego mtupu, siku nne za kusengenywa kutoka mivinjeni.

Buibui nililifua kwa mikono yangu, nikashona mpasuko wa pindo, nikamrudishia Shangazi nikiomba lisikaguliwe. Ijumaa akalivaa kwenda maulidi. Alikuwa hajafika kwenye kona ya msikiti: kraa!

Siku hizi muuza kahawa anapitisha birika lake nyumba mbili. Kwa Shangazi anaanzia, na yeye pia hamtozi.