Macho ya fundi nayo yana bei

Nimepokea karatasi kutoka kwa fundi mmoja wa vinanda vya umeme hapa Hamburg. Ni karatasi safi, yenye nembo na namba ya kodi, inayonieleza kwamba ili akifungue kinanda changu na kuniambia kina hitilafu gani nitalipa euro 60, na kwamba fedha hizo hazirudi hata kama mwishowe nitaamua kisitengenezwe. Saa za kazi yenyewe zitahesabiwa kando, vipuri kando, na zamu yangu itafika baada ya wiki kadhaa. Sheria ya Ujerumani inasema makadirio ya gharama hayalipiwi isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na ndiyo maana chini ya karatasi palikuwa na mstari wa kutia saini. Euro 60 za kutazama! Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, na pale Ngamiani fundi hutazama bure.

Chombo chenyewe ni Roland Juno-106, sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda milio yake kwa umeme, iliyoingia sokoni mwaka 1984 na ambayo vijana wa huku wanaitafuta leo kwa bei ambayo nyumbani ingenunua pikipiki. Ina sauti sita, yaani noti sita tu ndizo zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, na kila sauti ina chipu yake iitwayo 80017A, inayochuja mlio na kuudhibiti ukubwa wake. Chipu hizo zilifunikwa kwa gundi nyeusi ngumu, na miaka inavyopita gundi hiyo huharibika na kuanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Hapo sauti moja huanza kukwaruza na nyingine hukataa kunyamaza hata baada ya kidole kuondoka. Kila mwenye kinanda cha aina hii anaijua hadithi hiyo. Kinachowachanganya wengi ni kwamba ubovu unahamahama: kinanda hugawa noti kwa zamu, ya kwanza kwa sauti ya kwanza, ya pili kwa sauti ya pili, hadi ya sita, halafu huanza upya, kwa hiyo mkwaruzo unasikika sasa hivi kwenye kitufe hiki na baada ya muda mfupi kwenye kile, na mwenye mali huapa kwamba vitufe ndivyo vibovu.

Sikutia saini. Nilikifungua mwenyewe, na sikufanya hivyo kwa ushujaa wowote, kwani kitabu cha mafundi cha miaka ile, chenye michoro yote ya saketi, kimenakiliwa na kusambaa kiasi kwamba mtu anaweza kukisoma kitandani. Ukiwasha umeme huku umekishikilia kitufe cha Key Transpose, kinanda huingia katika hali ya majaribio, na kwa kila noti unayopiga kioo kidogo hukuonyesha namba ya sauti inayolia. Kwa njia hiyo nikajua kwamba wagonjwa walikuwa wawili, sauti ya pili na ya tano. Nikaziondoa chipu zao kwenye bodi polepole, maana njia za shaba za bodi za zamani hubanduka zikipata joto kupita kiasi, nikazilowesha kwenye asetoni safi mpaka gundi ikalainika na kutoka, nikazirudisha. Moja ilipona. Nyingine ilikuwa imekwisha kufa, nikaagiza nakala mpya, kwa kuwa wapo watu wanaozitengeneza upya. Nilipokuwa humo ndani nikabadilisha pia betri ya CR2032 inayohifadhi milio 128 ya kinanda, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na baada ya hapo milio ya kiwandani ikarudi kwa kuchezwa kutoka kwenye simu hadi tundu la kaseti, maana kinanda hiki hupokea milio yake kama sauti iliyorekodiwa kwenye kaseti. (Wale waliorekodi vipindi vya redio kwenye kaseti wataelewa furaha niliyoipata hapo, wadogo wawaulize wakubwa zao.) Upande wa transfoma na waya unaotoka ukutani sikuugusa. Volti 230 za Hamburg zinaua sawasawa na volti 230 za Tanga, na kama ubovu ungekuwa huko ningetia saini ile karatasi bila kunung'unika.

Sasa nije kwenye hesabu, maana najua tayari kuna anayesema kwamba nimefanya yote haya kwa ubahili. Nikijumlisha chuma cha kulehemu, pampu ya kufyonza risasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme, asetoni na ile chipu mpya, kisha nikazihesabu saa zangu kwa mshahara ninaolipwa kazini, yule fundi wa karatasi angekuwa rahisi zaidi. Na katika saa hizo, kulehemu kulichukua sehemu ndogo sana. Zilizobaki zote zililiwa na kusoma, kusikiliza, kupima, na kukaa nikiukodolea macho mchoro usioniambia kitu. Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa kuujua ubovu, na hiyo ndiyo kazi aliyoiandikia euro 60.

Fundi wa Ngamiani huifanya kazi hiyohiyo bila mchoro. Hapa naomba msinielewe vibaya, kwa sababu kuna watu wakisikia mtu wa Ulaya anazungumzia mafundi wa nyumbani hutega masikio wakisubiri dharau. Mimi nimekaa kwenye viti vile vya mbao, nimewaona watu wakiifuata njia ya umeme kwa ncha ya mita kwenye bodi ambayo hawajawahi kuiona, wakitoa kapasita kwenye redio iliyokufa na kuipa uhai redio nyingine, na nasema wazi kwamba wengi wa wanaojiita wataalamu huku, ukiwanyang'anya kitabu, wangekaa wanatazama dari. Tatizo langu ni sisi wateja. Fundi akishagundua ubovu tunampa nini? Hela ya soda, tena kwa kumwonea huruma. Tunalipia kifaa kilichobadilishwa, kile tunachoweza kukishika na kukibeba nyumbani kama ushahidi.

Fikiria vinanda vya mitumba vinavyotoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100. Mtu anakinunua, anakipeleka kwa fundi ili akikague kabla ya harusi, na fundi anageuza nyuma, anasoma kibandiko, anasema, "Kaka, hiki usikichomeke ukutani bila transfoma ya kushusha umeme." Kwa sentensi hiyo moja ameokoa kinanda kizima na harusi ya watu. Je, analipwa? Atalipwaje na hajashika hata bisibisi! Lakini angenyamaza, kinanda kikaungua, angelipwa vizuri sana.

Ndiyo maana waya uliolegea unageuka kuwa aisii (yaani chipu) iliyoungua ambayo inapatikana Kariakoo tu, na bei yake unaijua ukifika. Sote tunaujua mchezo huo na sote tumewahi kuusimulia kwa hasira. Tunasema mafundi ni waongo, na wapo waongo kweli, sitawatetea. Ila mtu aliyetumia nusu siku kuutafuta waya mmoja, akijua kwamba ukweli wake utamletea shilingi elfu mbili na uongo wake elfu arobaini, na nyumbani ana watoto, tumemwekea mtego na bado tunashangaa ananasa. Hospitali tunalipa ada ya kumwona daktari na ya kipimo, tunaambiwa hatuna malaria, tunatoka tumefurahi na hakuna anayedai arudishiwe fedha kwa sababu hakupewa dawa. Fundi akituambia chombo hakina ubaya mkubwa, tunaona ametaka kutuibia muda.

Nawasikia mnaosema, "Huyo keshakuwa mzungu, anataka tulipe mpaka kutazamwa." Wala sijawasifu wazungu. Wao nao wamefika mahali pa ajabu, mkono wa fundi umekuwa ghali kiasi kwamba watu hutupa vitu vizima njiani, hadi Umoja wa Ulaya ukalazimika kupitisha agizo mwaka 2024 kuwapa watu haki ya kutengenezewa mashine za kufulia, friji na simu, na vinanda kama changu havimo. Tangu mwaka 2009, kuanzia Amsterdam, wana mikutano wanayoiita Repair Café, ambapo watu wa kujitolea wanakaa mezani na kukusaidia kufungua kibaniko chako cha mkate huku mnakunywa kahawa, na magazeti huandika kana kwamba jambo hilo ni geni duniani. Nilipohudhuria ulimi uliniwasha kwa kutaka kuwaambia waje Barabara ya 12 kule Tanga siku yoyote. Basi nikiwa huku naonekana mjuaji wa Afrika, na nikiongea nyumbani naonekana mjuaji wa Ulaya, nimeshazoea.

Wapo pia mnaosema kwamba nikijitengenezea ninamnyima fundi riziki. Hilo lina uzito zaidi, na huku halinisumbui, kwa kuwa fundi yule ana foleni ya wiki kadhaa na hanikosi. Nyumbani lingenisumbua. Taarabu ilipogeukia kinanda na vyombo vya umeme, kwaya nazo zikafanya hivyo, na kila mji ukahitaji mtu wa kuvihudumia, lakini waulize vijana wangapi wanataka kujifunza kazi ambayo sehemu yake ngumu hailipwi. Wanakwenda kubadilisha vioo vya simu, kwa sababu kioo kinaonekana na mteja habishani nacho. Siwalaumu.

Kwa hiyo nikija likizo sitamfungulia mtu kinanda chake bure ili kuonyesha nilichojifunza, na ndugu zangu wasinitegemee kwa hilo. Nitakipeleka cha shangazi kwa fundi uleule wa siku zote, nitamwambia tangu mwanzo kwamba nalipia kukagua, elfu kumi mezani kabla hajagusa skrubu, iwe amekuta kitu au hakuta, na kazi nyingine tutaelewana baadaye. Shangazi amekwisha kuniambia kwenye simu kwamba nitaharibu bei na kwamba nikiondoka yeye ndiye atakayebaki na fundi aliyezoeshwa vibaya. Nimemuuliza, "Shangazi, redio yako ile ya mwaka juzi, walikubadilishia nini?" Amesema hajui, alipewa kikopo kidogo chenye miguu mitatu akaambiwa ndicho kilichoungua, na bado anacho kabatini.