Bei iandikwe hapo hapo

Kuna makala nimesoma inawashauri wafanyabiashara wadogo wa Kisumu waweke picha kila siku Facebook na TikTok. Sawa, lakini picha bila bei ni kazi bure. Mimi nikiona "bei njoo inboksi" napita tu. Kuna dada wa mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, hupiga picha gauni likiwa limetundikwa, tepu ya fundi kiunoni, bei juu, na doa likiwepo analionyesha. Huiweka kwenye stetasi ya WhatsApp jioni, watu wakiwa kwenye matatu. Baada ya saa 24 inajifuta yenyewe, hivyo gauni la juzi haliulizwi tena. Na wafuasi wa mtandaoni ambao mtu huwalipia ili ukurasa wake uonekane una watu wengi (ndiyo, wanauzwa) hawatafika Kibuye hata siku moja.