Muuzaji Kwenye Grupu la Wakutubi: Aingie kwa Mlango Upi?

Kuna swali ambalo haliishi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakutubi wa Kenya na Tanzania. Mtu amepakia rekodi 4,000 za vitabu kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, mfumo umemwambia zimepokelewa zote, lakini akitafuta kwenye katalogi ya wasomaji hapati hata moja. Majibu humiminika. Wa kwanza anasema zima seva uwashe. Wa pili anasema pakia tena, na huyu ndiye anayeharibu kazi, kwa sababu ukipakia tena bila kuweka kanuni ya kulinganisha rekodi utaishia na rekodi 8,000, nusu yake marudio, na kuyasafisha ni kazi ya wiki.

Mwenye kujua hujibu kwa mistari miwili. Rekodi zimo, ila faharasa ya Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, haijazisoma. Ingia kwenye seva, andika koha-rebuild-zebra -f -v pamoja na jina la maktaba yako, usubiri. Rekodi zikionekana lakini hazina nakala za kuazimisha, kagua fildi ya 952, inayobeba taarifa za nakala: msimbo wa tawi kwenye vijisehemu vyake $a na $b uwe uleule uliosajiliwa kwenye mfumo, herufi kwa herufi, na $y iwe na aina ya nakala inayotambulika.

Mara nyingi anayejibu hivyo ni mtu anayeishi kwa kuuza huduma ya Koha. Sasa wapo wanaotaka wauzaji wote watolewe kwenye magrupu ya wanataaluma. Waanze kwa kujibu swali hili: usiku huo nani atamsaidia yule mwenye rekodi 4,000?

Wauzaji ninaowasema hapa ni wa aina nyingi: mawakala wa hifadhidata za majarida, makampuni ya kufunga mifumo, wauzaji wa vitabu, wauzaji wa mageti na vibandiko vya RFID, vile vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio. Msaada wao una faida kubwa zaidi pale suluhisho liko upande wao. Chuo kikibadilisha kampuni ya intaneti, anwani zake za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake, hubadilika pia, na asubuhi majarida yote yanayotambua wasomaji kwa IP yanakuwa yamefungwa. Mkutubi anadhani malipo hayajafika. Mhasibu anaapa kwamba yamefika. Barua pepe inatumwa kwenye dawati la msaada lililo nchi nyingine, jibu linakuja baada ya siku tatu. Fundi wa kampuni akiwa kwenye grupu, anaomba anwani mpya, anazisajili, na kabla ya chakula cha mchana wanafunzi wanasoma.

Wanaopinga wauzaji kuwemo huanza na matangazo, na hapo ndipo hoja yao ilipo dhaifu. Tangazo linaonekana. Admini analifuta, akirudia anaondolewa, imekwisha. Tatizo lenyewe ni muuzaji asiyeandika chochote.

Hifadhidata za majarida hazina bei ya dukani. Muuzaji huangalia idadi ya wanafunzi, kozi zinazofundishwa, historia ya malipo yenu na ukali wenu mezani, kisha anataja namba. Vyuo viwili vilivyo barabara moja vinaweza kulipia kifurushi kilekile bei tofauti, na kila kimoja kikaamini kimependelewa. Silaha pekee ya mkutubi ni kumuuliza mwenzake: "Ninyi mlilipa ngapi?" Swali hilo haliulizwi mbele ya mwenye duka. Akiwepo, grupu zima linanyamaza, au mtu anasema "bei ni nzuri tu" ili asiharibu uhusiano.

Kampuni zinaijua thamani ya ukimya huo, ndiyo maana baadhi huweka kipengele cha usiri kwenye mikataba. Mwaka 2011 maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilitangaza kwamba haitasaini tena mikataba inayoizuia kusema ilicholipa. Miungano ya maktaba kama KLISC ya Kenya na COTUL ya Tanzania inatokana na hesabu hiyohiyo: mnunuzi mmoja hudanganyika, wanunuzi arobaini wanaolinganisha karatasi hawadanganyiki kirahisi.

Na karatasi za kulinganisha zipo. Ripoti ya TR_J1 ya COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya majarida, inaonyesha makala zilizofunguliwa. Kifurushi cha dola 12,000 kilichofunguliwa makala 3,000 kwa mwaka kimekugharimu dola 4 kwa makala. Mwenzako akisema kwake ni dola 1.50, una cha kuuliza mezani. Ila kuna ripoti pacha, TR_J2, inayohesabu mara ambazo wasomaji wako walijaribu kufungua jarida msilolilipia wakazuiwa. Muuzaji anaziona hizo kabla yako, na huja nazo kama ushahidi kwamba mnahitaji kifurushi kikubwa zaidi. Sasa mtu huyohuyo akisoma kwenye grupu kwamba mkuu wa chuo ameagizwa na wakaguzi wa ithibati aongeze majarida kabla ya Machi, ana habari mbili ambazo hakupaswa kuwa nazo kwa pamoja: kiu yenu na haraka yenu.

RFID ni mfano mwingine wa maonyo yanayopotea. Vibandiko vingi vya maktaba hufanya kazi kwenye megahezi 13.56, na kiwango cha ISO 28560 kinaeleza jinsi data ipangwe ndani yake. Kampuni inaweza kukuuzia kibandiko cha kawaida, kisha ikaandika data kwa mpangilio wake yenyewe na kukifunga kisiandikike tena. Siku ukitaka mashine ya kampuni nyingine, haisomi. Inabidi kila kitabu kishushwe rafuni, kiandikwe upya, na vilivyofungwa vibandikwe vipya. Hata mfanyakazi mmoja akimaliza vitabu 100 kwa saa, vitabu 30,000 ni saa 300. Onyo lake ni sentensi moja kabla ya kununua: "Andikeni kwenye masharti kwamba data iwe ya ISO 28560 na vibandiko visifungwe." Aliyeumia angeiandika, lakini aliyemuumiza yumo humo ndani, na bado anamdai huduma ya mwaka wa tatu.

Kuna upande wa sheria pia. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inakataza masharti ya kiufundi kutaja chapa fulani ila kwa sababu maalumu, na inataka mambo ya tathmini ya zabuni yawe siri. Tanzania nayo ina sheria mpya ya mwaka 2023 na zabuni hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mkutubi anayebandika rasimu ya masharti kwenye grupu ili wenzake wamsaidie kuihariri anafanya jambo la kitaaluma kabisa. Mzabuni mmoja akiwemo na wengine hawamo, rasimu imevuja.

Kisha kuna namba za simu, ambazo watu huzidharau. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp, anayeingia huona namba za wanachama wote, na anaweza kuhamisha mazungumzo anayoyaona kuwa faili moja la maandishi. Dakika tano tu, na muuzaji ana orodha ya wakutubi wa nchi nzima. Sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinawalinda, lakini ujumbe wa "Habari mkutubi, tuna ofa" ukishakuingia umekuingia.

Hadi hapa mtu angesema basi tuwatoe. Shida ni kwamba mpaka wenyewe haupo. Wakutubi wengi ni waajiriwa mchana na mafundi wa Koha jioni. Wahadhiri wa ukutubi ni washauri wa miradi. Mstaafu aliyekuwa mkuu wa maktaba leo ni wakala wa mchapishaji. Ukiwatoa wenye kadi ya kampuni, unabaki na wauzaji wasio na kadi, na hao ni hatari zaidi kwa sababu ushauri wao unaonekana wa bure. Sharti la haki haliwezi kuwa "usiwe muuzaji". Liwe "sema unachouza", na limbane mwajiriwa kama linavyombana wakala.

Kwingine hawakujaribu hata kujenga ukuta. Jumuiya za UKSG ya Uingereza, tangu 1978, na NASIG ya Marekani ya Kaskazini, tangu 1985, ziliwaweka wakutubi, wachapishaji na mawakala chini ya paa moja kwa makusudi, kwa hoja kwamba matatizo ya majarida hayatatuliki upande mmoja ukiwa nje. Ni hoja nzuri, ila huko mkutubi ana miungano yenye ukumbi wake mwingine wa kuongelea fedha. Sisi mara nyingi grupu ni lilelile moja: la msaada wa kiufundi, la salamu za Idi na Krismasi, la rambirambi, na la bei.

Historia ya Koha yenyewe ina funzo ambalo wabishani wa pande zote mbili hulikosa. Mfumo huu ulitengenezwa na kampuni ndogo, Katipo, kwa ajili ya maktaba za Horowhenua huko New Zealand, ukaanza kazi Januari 2000. Wauzaji wamekuwemo ndani ya jumuiya yake tangu siku ya kwanza, na bila wao usingefika Afrika Mashariki. Ugomvi ulikuja kwa jambo jingine. Kampuni ya LibLime, muuzaji wa huduma za Koha, ndiyo iliyoshika tovuti ya mradi, na jumuiya ilipotofautiana nayo ikalazimika kuhamia anwani mpya. LibLime ikanunuliwa na kampuni ya PTFS mwaka 2010, na mwaka 2011 wakutubi wa Horowhenua wakajikuta wanaomba msaada wa kuipinga isisajiliwe jina Koha kama alama yake ya biashara nchini mwao wenyewe. Muuzaji kuketi sebuleni hakukuwa na neno. Neno lilikuwa funguo za nyumba kuwa mfukoni mwake.

Tazama magrupu yetu kwa jicho hilo. Mengi yalizaliwa siku ya mwisho ya mafunzo: kampuni imefundisha siku tatu, mkufunzi anafungua grupu "tuendelee kusaidiana", yeye ndiye admini. Miaka miwili baadaye lina watu mia kadhaa na ndilo grupu la fani hiyo nchini. Anayelalamikia bidhaa huondolewa, na hakuna wa kumkatia rufaa.

Kwa mizani hii, naona muuzaji aingie, lakini kwenye chumba cha ufundi tu, na admini wote wawe wakutubi waliochaguliwa na chama cha wakutubi. Jina lake kwenye wasifu liwe na jina la kampuni. Aingie fundi, afisa mauzo abaki nje. Matangazo yawe na siku moja kwa mwezi. Makampuni yanayodhamini mikutano ya mwaka ya vyama yatanung'unika, yanung'unike. Chumba cha bei, mikataba na zabuni kiwe tofauti, kwa wanaonunua peke yao, na kila anayeingia humo aandike kwanza kama ana kazi ya pembeni inayogusa ununuzi.

Na kwenye chumba cha ufundi kuwe na kanuni moja isiyo na msamaha: jibu hapa hapa. "Njoo inbox" ndiyo alama ya kumtambua aliyekuja kuvua wateja. Swali limeulizwa mbele ya watu mia tatu, suluhisho linahamia faragha, linakuwa ankara, na wiki ijayo mwingine anauliza lilelile. Anayejibu kwa mistari miwili mbele ya wote atapata kazi zaidi kuliko mvuvi, maana wote wameona anajua.

Muda wa kuanza kugawa vyumba ni kabla ya Aprili. Mwaka wa fedha wa serikali zetu unafungwa tarehe 30 Juni, usajili wa majarida unahesabiwa Januari hadi Desemba, na katikati ya kalenda hizo mbili kuna wiki ambazo maktaba ina hela inayotakiwa kutumika upesi. Wauzaji wanazifahamu wiki hizo kwa tarehe, na wale wasioandika kitu mwaka mzima ndio wanaozisoma kwa makini zaidi.